UZI: Kwa nini samani ya kale iliyokarabatiwa upya huuzwa kwa shida kuliko ile iliyofutwa vumbi tu?

#1 Kabati la Mwaloni (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninanunua samani za kale minadani na katika nyumba ambazo vyombo vyake vinagawanywa baada ya mirathi, kisha ninazitengeneza na kuziuza. Hivi karibuni nilikuwa na makabati mawili ya droo, yote ya mahogani, yote ya karne ya 19, na ukubwa wake unakaribiana. La kwanza lilipelekwa kwa fundi hodari, ambaye alikwangua polishi yote ya zamani, akalipiga msasa, akaweka vishikio vipya vya shaba na kulipaka varnishi. La pili nililifuta vumbi, nikabandika kipande cha vinia (ubao mwembamba wa kufunika uso) kilichokuwa kimebanduka pembeni, nikalipaka nta. Hili la pili lilichukuliwa upesi kwa bei niliyoitaja. La kwanza, ambalo kwa macho yangu ndilo zuri zaidi, watu wanaliuliza bei, wanafungua droo, wanaondoka.

Najua jibu la haraka ni kwamba "wateja wanapenda vitu vya asili". Naomba tuende mbele ya hapo: ni nini hasa anachokikosa mnunuzi katika kabati la kwanza?

#2 Nta ya Nyuki
Anakosa rangi ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Mwanga, hewa, nta, moshi, vumbi na mafuta ya mikono hubadilisha uso wa mbao polepole kwa vizazi kadhaa, na mabadiliko hayo yanakaa katika tabaka jembamba mno. Msasa ukipita mara chache tu unafika kwenye mbao changa. Baada ya hapo unaweza kupaka rangi ya mbao ya aina yoyote utakayo, lakini itatokea sawasawa kila mahali, ilhali kabati halisi huwa jeusi kwenye mikunjo ya nakshi, jepesi pale jua lilipopiga, na lina mng'ao wa pekee kuzunguka vishikio ambako mikono ilishika kila siku. Mnunuzi mzoefu huliona hilo kabla hajaigusa droo hata moja.

#3 Saa za Kazi
Nta ya Nyuki ameeleza vizuri, lakini mimi naona mnazunguka jambo la hesabu. Kabati la kwanza limebeba ujira wa fundi, vishikio vipya na varnishi. Mleta mada bila shaka ameuongeza huo mzigo kwenye bei. Mnunuzi hajali ulitumia saa ngapi, anajali kitu kilichosimama mbele yake. Ndiyo maana mimi, nikiwa mnadani, hukadiria kwanza saa za kazi, nikazigeuza kuwa fedha, nikazitoa kwenye bei ninayotarajia kuuzia, nikatoa pia usafiri na ada ya mnada, na kinachobaki ndicho kikomo cha kunyanyua mkono wangu. Samani nyingi za mbao nyeusi za karne ya 19 zimeshuka bei tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ujira wa fundi haujashuka popote. Ukarabati kamili wa kabati la kawaida mara nyingi unazidi thamani ya kabati lenyewe.

#4 Kabati la Mwaloni
Shukrani. Saa za Kazi, dhana yako ni ya haki lakini haikunipata hapa. Makabati yote mawili niliyawekea bei inayokaribiana, nikakubali faida ndogo kwa hilo la kwanza. Bado linasimama.

#5 Mkaguzi wa Mgongo
Niruhusuni nilete maelezo ya tatu, kwa sababu mimi ni mnunuzi kabla ya kuwa muuzaji. Kabati lililosafishwa kupita kiasi linanitia shaka. Si kwamba nalichukia, ila limefutiwa ushahidi wake, na mimi kazi yangu ni kusoma ushahidi.

Ninapokagua, naanza nyuma na chini, mahali ambapo wapambaji hawafiki. Alama za msumeno zikiwa mistari iliyonyooka na isiyolingana, mbao ilipasuliwa kwa mkono. Zikiwa mapinde, ilipita kwenye msumeno wa mviringo, ambao ulienea katika karne ya 19. Navuta droo na kutazama maungio ya mkia wa njiwa, yale meno ya mbao yanayoshikana kwenye kona za droo: yaliyokatwa kwa mkono hayafanani, na mara nyingi mstari wa kipimo wa seremala bado unaonekana, lakini ya mashine yanalingana kama meno ya kitana. Naangalia kama droo zote ni kazi ya mkono mmoja. Nagusa ukingo wa chini wa droo nione kama umelika, na kama umelika, nachunguza pia reli inayoubeba, kwani viwili hivyo vinapaswa kuliwa pamoja. Meza ya duara naipima pande mbili, kwa sababu mbao husinyaa kukingama nyuzi zake na si kufuata urefu wake. Duara la kale likiwa bado duara kamili baada ya miaka mia mbili, nauliza maswali.

Sasa niambieni: fundi akishapiga randa mgongo, akanyoosha ukingo wa droo na kuziba matundu ya vishikio vya zamani, nitasoma nini? Nitalipa bei ya samani isiyojulikana, ambayo ni bei ya chini.

#6 Patasi Butu
Naongezea alama nyingine rahisi. Ukiona skrubu yenye ncha kali, hiyo ni ya karne ya 20, achana na hilo kabati. Skrubu za kale zilikuwa butu mbele.

#7 Mkaguzi wa Mgongo
Patasi Butu, ni kweli kwamba za kale zilikuwa butu na mfereji wa kichwani mara nyingi haukukaa katikati. Lakini skrubu zenye ncha zilianza kutengenezwa kwa mashine katika miaka ya 1840, kwa hiyo kabati la mwaka 1870 lenye skrubu za ncha halina kosa lolote. Kinachoaminika zaidi ni skrubu za kichwa cha msalaba, ambazo ni za miaka ya 1930 na kuendelea. Hata hapo, skrubu moja ya msalaba inaonyesha tu kwamba mtu alikaza bawaba, haionyeshi umri wa kabati. Na skrubu butu hazithibitishi chochote peke yake, kwa kuwa zinachomolewa kwenye mabaki na kupachikwa popote.

#8 Patasi Butu
Nimekubali. Inaonekana jina nililojichagulia ni sahihi.

#9 Shelaki
Ninawasikiliza mnavyoutetea "uso wa asili", na ninataka kuuliza: asili ya lini? Polishi ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti) iliyopigwa kwa kitambaa, ile inayotoa mng'ao wa kioo, ilienea mwanzoni mwa karne ya 19. Samani nyingi za karne ya 18, ambazo mwanzo zilipakwa mafuta, nta au varnishi, zilikwanguliwa katika karne ya 19 na kupigwa polishi hiyo ili zilingane na mitindo ya wakati huo. Kwa hiyo meza ya mwaka 1760 ambayo leo tunaambiwa tusiiguse huenda tayari iliguswa na fundi wa mwaka 1850, ambaye alifanya kilekile tunachomlaumu fundi wa mleta mada. Tofauti ni kwamba kazi yake imepata umri.

Anayetaka kujua ana nini mkononi, achukue tone la spiriti kwenye pamba na kulijaribu mahali pa siri. Shelaki italainika na kunata, varnishi ya mafuta haitashtuka kwa upesi huo, na varnishi za kisasa za polyurethani hazitayeyuka kabisa. Jambo hilo pia ndilo linaloifanya shelaki ipendwe na warekebishaji: tabaka jipya huyeyuka kidogo na kuungana na la zamani, kwa hiyo uso uliochoka unaweza kufufuliwa bila kukwanguliwa. Mleta mada, fundi wako aliijaribu hii kabla ya kuchukua kikwangulio?

#10 Kabati la Mwaloni
Alilijaribu tone la spiriti, na ilikuwa shelaki. Alisema ilikuwa imepasukapasuka mno na yenye madoa ya maji juu, hivyo akaona kufufua kungekuwa kazi bure.

#11 Shelaki
Juu, sawa. Na ubavuni je? Mara nyingi sehemu ya juu ndiyo huharibika kwa maji na moto wa vyombo, na ubavu na uso wa droo hubaki wazima. Hakuna sheria inayosema ukisafisha juu lazima usafishe pande zote.

#12 Mtumwa wa Mitindo
Mimi nasema mnatafuta sababu ndani ya mbao wakati sababu imo vichwani mwa watu. Soko la Marekani ndilo lililoukuza sana huu uchamungu wa uso usioguswa. Huko samani za karne ya 18 zenye rangi au polishi yake ya kwanza hulipiwa mara nyingi zaidi ya zilizokwanguliwa. Ukienda Ufaransa, samani za kifahari za karne hiyohiyo zimekuwa zikipigwa polishi upya bila mnunuzi kukasirika, kwa sababu wanaotafuta hapo ni mng'ao, shaba iliyopakwa dhahabu na ufundi wa vinia. Mbao ni zilezile, patina (ule uso uliobadilishwa na umri) ni ileile, ila watu ni tofauti. Kama uharibifu wa rangi ungekuwa ndio sababu, ungeshusha bei kila mahali kwa kiwango kimoja.

#13 Nta ya Nyuki
Mtumwa wa Mitindo, hoja yako inanisaidia mimi. Samani hizo za Kifaransa zilikusudiwa kung'aa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kuzing'arisha ni kuzirudisha zilikokuwa. Kabati la mahogani la nyumba ya kawaida halikuwahi kumeremeta kwa varnishi nzito. Uamuzi unategemea aina ya kitu, si uraia wa mnunuzi.

#14 Mtumwa wa Mitindo
Basi mweleze aliyelinunua kabati la mwaloni likiwa jeupe kama lilivyotoka kwa seremala, eti linafaa sebule yake mpya. Nimewauzia wengi wa namna hiyo. Wananunua kilichokwanguliwa kwa furaha kabisa, kwa masharti kwamba kiwe chepesi, cheupe na droo zake zifunguke.

#15 Kiti Kimoja Pungufu
Kabla hatujaumaliza utakatifu wa uso usioguswa, kumbukeni kwamba nao unaghushiwa. Mwaka 2016 ilifichuka Ufaransa kwamba viti vilivyodaiwa kuwa vya karne ya 18, na vingine kununuliwa na Kasri la Versailles lenyewe, vilikuwa vimetengenezwa juzi tu. Waliohusika walikuwa mtaalamu mashuhuri wa viti vya karne hiyo pamoja na mchongaji stadi, na mahakama iliwatia hatiani mwaka 2025. Watu wa makumbusho, wenye maabara na maktaba, walipita mbele ya viti hivyo na kuridhika. Kwa hiyo hii hoja ya Mkaguzi wa Mgongo kwamba anasoma ushahidi ni nzuri, ila ushahidi unaandikwa pia na wenye kalamu nzuri kuliko yeye.

#16 Mkaguzi wa Mgongo
Sikatai. Ila mwenye kughushi kiti cha mfalme ana sababu ya kuhangaika. Nani atahangaika miezi kughushi kabati la droo la nyumba ya kawaida? Katika daraja letu hila ni za kivivu zaidi: kabati la juu la vitabu linawekwa juu ya kabati la chini lisilolihusu, miguu inabadilishwa, meza kubwa inapunguzwa ili iingie kwenye vyumba vya leo. Hila hizo zote zinahitaji uso ulingane, na njia rahisi ya kuulinganisha ni kukwangua kote na kupaka rangi moja. Ndiyo maana nikiona uso mmoja safi kuanzia juu hadi miguuni, nainama.

#17 Mgeni wa Fani
Samahani kwa kukatiza. Nina meza ndogo yenye matundu mengi ya bungua. Muuzaji alisema matundu ni dalili ya umri. Nilinunua kwa haki?

#18 Nta ya Nyuki
Karibu. Matundu si dalili ya umri, ni dalili kwamba mdudu alitoka. Bungua wa kawaida wa samani, Anobium punctatum, huishi ndani ya mbao akiwa buu kwa miaka kadhaa, kisha hutoboa tundu la kati ya milimita 1.5 na 2 hivi na kuruka zake. Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kama ukingo wa tundu ni mkali, ndani ni peupe na kuna unga chini ya meza, bado yumo. Iweke mbali na samani nyingine leo hii. Pili, tazama kama kuna mifereji mirefu iliyo wazi juu ya uso. Mdudu hatembei juu ya mbao akichimba mfereji nusu, yeye huchimba ndani. Mfereji ulio wazi maana yake ni kwamba mbao ilikatwa au kupigwa randa baada ya kuliwa, yaani huenda meza imeundwa kwa mbao kuukuu za kitu kingine.

Makumbusho huwaua kwa kugandisha kitu kizima kwenye baridi kali kwa wiki moja au mbili, kikiwa kimefungwa vizuri kwenye plastiki. Dawa za kupaka hufika karibu na uso tu.

#19 Kiti Kimoja Pungufu
Kuna kundi moja ambalo mjadala wote huu haulisaidii, nalo ni viti. Kabati likiwa bovu linasimama ukutani na kupendeza. Kiti kikiwa kibovu kinamwangusha mtu. Huwezi kuuza kiti kinachoyumba kwa kisingizio cha asili yake, kwa hiyo kiti lazima kifunguliwe na kuunganishwa upya. Hapo ndipo tofauti ya fundi na fundi inaonekana. Viti vingi vya zamani viliunganishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, na hata spiriti ikidungwa kwenye kiungo huikausha ikavunjika. Unakifungua kiti bila kupasua mbao, unasafisha, unaunganisha tena kwa gundi ileile iliyopashwa moto hadi nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, si kuchemshwa, maana ikichemka inapoteza nguvu. Anayekuja na gundi nyeupe ya chupa anamaliza kazi mapema, lakini inafunika nyuzi za mbao, na gundi yoyote itakayofuata haitashika juu yake mpaka ikwanguliwe yote. Na anayepiga msumari pembeni ya kiungo, huyo simsemi.

#20 Patasi Butu
Msemeni tu. Mimi nimekuta kiti chenye misumari mingi kuliko viungo.

#21 Saa za Kazi
Kiti Kimoja Pungufu amenirudisha kwenye hoja yangu. Anachokitofautisha ni kazi inayohitajika ili kitu kitumike, na kazi inayofanywa ili kitu kipendeze. Ya kwanza mnunuzi anailipia bila kunung'unika: droo ipite, bawaba ishike, kiti kisiyumbe, kitasa kifunguke. Ya pili hailipii, kwa sababu anapendelea kuchagua mwenyewe. Kabati la pili la mleta mada lilipata kazi ya aina ya kwanza peke yake.

#22 Shelaki
Ingekuwa hivyo, wasingekuwapo wanunuzi wa Mtumwa wa Mitindo wanaotaka mwaloni mweupe.

#23 Mpaka na Forodha
Nina jambo ambalo halijaguswa na linamhusu kila anayeuza nje ya nchi. Ukarabati unaweza kukiondoa kitu kwenye msamaha wa kisheria. Chini ya sheria ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini, kitu cha kale chenye pembe za ndovu, magamba ya kasa au mbao iliyolindwa kinaweza kusamehewa ikiwa kina miaka isiyopungua 100, na kwa sharti kwamba hakikurekebishwa kwa sehemu ya kiumbe kinacholindwa tangu tarehe 27 Desemba 1973. Fundi akiziba pengo kwa kipande cha gamba la kasa alichokitoa kwenye mabaki, amekiharibu kitu chote. Tahadharini pia na mbao ya Dalbergia nigra, ambayo imo tangu mwaka 1992 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Uingereza nayo, tangu Juni 2022, inataka samani yenye pembe za ndovu isajiliwe kabla ya kuuzwa, na kwa kawaida iwe ya kabla ya mwaka 1947 yenye pembe hizo zisizofikia asilimia 10 ya ujazo wake. Pengo la pembe lizibwe kwa mfupa au kwa resini, na iandikwe hivyo.

#24 Nta ya Nyuki
Asante, hili lilistahili uzi wake. Nami niongeze la usalama kwa wanaojifunza humu: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivirundike pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandazeni nje vikauke kimoja kimoja, au vilowekeni majini ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko.

#25 Kabati la Mwaloni
Nimefaidika sana. Nimewaza kuviondoa vile vishikio vipya na kuvirudisha vya zamani, ambavyo bado ninavyo kwenye kopo. Je, nitakuwa ninarekebisha au ninaghushi?

#26 Mkaguzi wa Mgongo
Vikiwa ni vyake kweli, ni kurekebisha. Matundu ya skrubu ndani ya droo yataonyesha: vya zamani vitakaa bila kutoboa upya. Ila kwenye risiti andika kwamba uso umekwanguliwa na kupakwa upya, na vishikio vilitolewa na kurudishwa. Weka na picha za kabla ya kazi, kama unazo.

#27 Saa za Kazi
Andika hivyo, kisha punguza bei.

#28 Mtumwa wa Mitindo
Asipunguze. Alihamishie kwa wateja wangu, ila vishikio abaki navyo vipya.

#29 Mkaguzi wa Mgongo
Kabla ya kulihamishia kokote, mleta mada, vuta droo ya chini kabisa uigeuze, utuambie nyuzi za mbao ya kitako zinaelekea wapi na kama kuna mstari wa kipimo kwenye maungio. Hujatuthibitishia bado kwamba makabati yako yote mawili ni ya karne moja.